Barafu Haingoji Jumapili

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, Tyyne Kokkonen alishuka ziwani na fimbo yake ya chuma. Aligonga barafu mara tatu, akasikiliza, kisha akasogea hatua kumi na kugonga tena. Kwa miaka arobaini na minne kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, Oiva. Lakini Oiva alipasuliwa nyonga mwezi wa pili, na sasa kazi yake ilikuwa kukaa dirishani na kumsahihisha mkewe.

"Unagonga kama mtu anayebisha hodi kwa mchungaji!" alimpigia kelele. "Tia nguvu!"

"Njoo utie mwenyewe, mzee!"

"Inaliaje?"

"Inalia vibaya."

Dirisha likafungwa kwa kishindo. Oiva hakupenda habari mbaya kabla ya kahawa.

Walikaa kisiwani Lehtosaari. Nyumba zilikuwa tatu, na mbili zilibaki tupu mpaka kiangazi. Kijiji cha Korpiniemi kilikuwa ng'ambo ya ziwa, kilomita mbili tu, na kutoka kwao waliona kanisa, duka, shule na paa la maktaba. Kiangazi walivuka kwa mashua. Majira ya baridi walivuka juu ya barafu, wakifuata matawi ya misonobari yaliyochomekwa kuonyesha njia. Taabu ilikuwa mwezi wa nne. Mwezi huo barafu hulainika, haimbebi mtu tena, lakini bado ni nene na mashua haiwezi kupita. Basi watu wa kisiwani hufungiwa kwao, wiki moja, pengine tatu.

Na uchaguzi wa bunge huangukia mwezi huohuo, kila baada ya miaka minne.

Miaka minne iliyopita barafu ilikatika siku ya Alhamisi, na uchaguzi ulikuwa Jumapili. Tyyne alitaka waende mapema, Oiva akakataa. Kwake yeye, kura ilipigwa siku ya kura, shuleni, mtu amevaa suti, na baada ya kupiga anakunywa kahawa ya uchaguzi na majirani. Kupiga mapema, alisema, ni kwa mabaharia na wafanyabiashara. Basi Jumapili ile walikaa dirishani wamevaa nguo za kanisani, wakitazama bendera ya shule ikipepea upande wa pili wa maji yaliyochanganyika na barafu. Oiva alitania kidogo, akala, akalala. Tyyne hakulala. Alikuwa amesoma magazeti majira yote ya baridi. Alikuwa amemchagua mtu wake. Kura yake ikaishia mfukoni, na ilimuuma.

Sasa uchaguzi ulikuwa tena baada ya siku nane, na barafu ilikuwa inalia vibaya.

Jumamosi hiyo alikuja Raili Huttunen, mkutubi wa Korpiniemi. Alivuka ziwa asubuhi kwa mbao zake za kutelezea, mgongoni amebeba vitabu na mikate mitamu ya iliki. Raili na Tyyne walikuwa marafiki tangu ujana. Wakati wa uchaguzi maktaba yake iligeuka kituo cha kura za mapema, na Raili ndiye aliyekuwa msimamizi.

"Barafu imekuwa rojo pale katikati," alisema akivua buti. "Nimeomba dua zote ninazozijua, na mimi hata si mtu wa dua. Mtapigaje kura mwaka huu?"

"Jumapili," alisema Oiva. "Kama watu."

"Jumapili utapiga mbizi, Oiva, si kura."

Tyyne alicheka mpaka akamwaga kahawa. Oiva alikunja uso.

"Mngeniambia mapema," Raili aliendelea, "mngepigia hapahapa. Mgonjwa asiyeweza kufika kituoni anaomba, na msimamizi anamfuata nyumbani na karatasi. Anayemtunza mgonjwa anapiga naye. Lakini maombi yalifungwa Jumanne iliyopita, saa kumi jioni."

Tyyne alimgeukia mumewe. "Barua ilikuja. Nilikusomea."

"Niletewe watu wa serikali humu ndani, niko na suruali ya sufu ya kulalia? Thubutu!"

"Basi imebaki njia moja," alisema Raili. "Kura za mapema zinaisha Jumanne hii. Maktaba inafunguliwa saa tatu asubuhi. Baada ya hapo ni Jumapili tu, na Jumapili mtakuwa mmefungiwa humu."

Oiva aliusukuma mkate wake pembeni. Kwa mtu anayependa iliki kama yeye, hiyo ilikuwa dalili ya hatari.

"Na tukifika, halafu?" aliuliza. "Nitampigia Marketta, kila mtu anajua. Muuguzi mzuri wa kijijini, amenidunga sindano miaka ishirini. Atapata kura mia tisa. Watu wa mjini wanapata elfu saba, elfu nane. Ameshindwa kabla hajaanza. Kura yangu itakuwa imetupwa ziwani."

"Hapo ndipo unapokosea, jirani. Nipe viazi."

"Viazi?"

"Bakuli lote. Nikuonyeshe."

Raili alimwaga viazi vya kuchemsha mezani.

"Bunge letu lina viti mia mbili," alisema. "Nchi imegawanywa katika majimbo kumi na matatu. Jimbo lenye watu wengi linapata viti vingi, lenye watu wachache linapata vichache. Jimbo letu lina kumi na tano. Sawa?"

"Hayo najua."

"Unapompigia Marketta, kura yako inafanya kazi mbili. Kwanza inaingia kwenye kapu la chama chake, pamoja na kura za wagombea wenzake wote wa jimbo hili. Pili, inasaidia kupanga nani awe wa kwanza ndani ya kapu hilo, nani wa pili, nani wa tatu." Alisogeza viazi sita pamoja, akavipanga kimoja nyuma ya kingine. "Tuseme kapu lina kura elfu thelathini. Aliyepata kura nyingi zaidi humo anahesabiwa zote, elfu thelathini. Wa pili anahesabiwa nusu, elfu kumi na tano. Wa tatu theluthi, elfu kumi. Wa nne robo. Wanaendelea hivyo."

"Ngoja, ngoja. Mtu kapata elfu nane, anahesabiwa elfu thelathini?"

"Ndiyo, kwa sababu amesimama mbele ya kapu zima. Kila chama kinafanyiwa hivyohivyo. Halafu wagombea wote wa jimbo wanapangwa kwa namba hizo, na kumi na tano wa juu wanakwenda bungeni Helsinki. Sasa ondoa kura mia tisa za Marketta kwenye kapu. Namba ya kila mmoja humo inapungua. Huenda wa pili akakosa kiti kwa kura ishirini tu. Unaona? Hata Marketta asipoingia, kura yako imemsukuma mwenzake. Haijazama popote."

Oiva alikitazama kile kiazi cha nyuma kabisa. Akakichukua, akakila.

"Kwaheri, Marketta," alisema Raili.

Waliongea mpaka jua likapanda. Tyyne aliuliza lile lililomsumbua siku nyingi. Muuguzi wa visiwani alikuja kwao kila Alhamisi, kwa mashua au kwa pikipiki ya theluji. Sasa ilisemwa kwamba safari zake zitafutwa ili kubana matumizi. Je, bunge linahusika na hilo, au ni la mkoa?

"Yote mawili," alisema Raili. "Mkoa ndio unaompanga muuguzi aende wapi. Lakini sheria ya huduma hizo inatungwa na bunge, na fedha zinapitishwa na bunge. Na kazi kubwa haifanyiki pale ukumbini mnapopaona kwenye televisheni. Inafanyika kwenye kamati. Muswada wa afya unapelekwa kamati ya afya, wa barabara unapelekwa kamati ya uchukuzi. Huko wanawaita wataalamu, wanauliza, wanakwaruzana, wanarekebisha. Ndipo unarudi ukumbini kupigiwa kura."

"Na Waziri Mkuu tunamchagua lini?" aliuliza Oiva. "Maana kila mara namtafuta kwenye karatasi simwoni."

"Humwoni kwa sababu si wewe unayemchagua, ni wabunge. Baada ya uchaguzi vyama vinakaa, vinatafutana, mpaka vipatikane vinavyoweza kutawala pamoja. Halafu bunge linampigia kura Waziri Mkuu. Kwa hiyo serikali nayo inaanzia kwenye karatasi yako."

Raili aliondoka kabla theluji haijalainika. Aligeuka mara moja, akainua mkono, kisha ukungu ukamchukua.

Alasiri ile Tyyne alijinyoosha kwenye benchi karibu na jiko. Nje weupe ulikuwa umeziba kila kitu, mbingu na ziwa havikutofautiana. Alipenda saa hiyo kuliko zote. Macho yalimwia mazito, na bila kujua akawa ameshuka ziwani.

Juu ya barafu viti vilikuwa vimepangwa nusu duara, safu kwa safu. Alijua ni mia mbili bila kuvihesabu. Mbele, mahali pa juu, alikaa Spika, mwanamke mwenye nyundo ndogo ya mti. Wabunge wenyewe walikuwa wamemchagua miongoni mwao, na sasa hakubishana na mtu wala hakupiga kura. Alitoa nafasi tu. Wewe sema. Sasa wewe. Watu walisimama wakasema, na maneno yao yalitoka mdomoni yakiwa mvuke, yakapanda taratibu. Nyuma ya viti kulikuwa na vibanda vidogo vyenye taa, na ndani yake watu waliovaa sweta walisoma karatasi kwa vidole. Hizo ndizo kamati, Tyyne aliwaza, na aliona furaha kuzijua. Alitembea polepole katikati ya safu. Hakuna aliyemfukuza. Kisha akaona kiti kimoja kitupu, miguu yake imeanza kuingia majini. Alitaka kukishika. Mkono haukufika.

Alizinduka.

"Umeota nini? Ulikuwa unanyoosha mkono," alisema Oiva.

"Nimeota bunge."

"Masikini wee. Mimi nikiota, naota samaki."

Jumatatu asubuhi Tyyne alishuka na fimbo. Karibu na ufuko chuma kilipita kwa pigo moja, maji meusi yakapanda. Alisogea mbele. Huko palihitaji mapigo mawili, kisha matatu. Usiku bado kulikuwa na baridi kali, na alfajiri barafu iliganda upya juu. Kufika adhuhuri ililegea. Alisimama pale muda mrefu, ndani ya weupe, akajua kwamba hii ndiyo nafasi ya mwisho.

Alirudi ndani, hakuvua koti.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi naondoka," alisema. "Ukitaka kwenda, kiti cha barafu kiko mlangoni. Usipotaka, kahawa iko kwenye chupa na supu iko kwenye jokofu."

"Tyyne. Mimi nimesema Jumapili."

"Umesema. Miaka minne iliyopita pia ulisema, na mimi nikanyamaza. Ile haikuwa kura yako tu iliyobaki kisiwani, Oiva. Na yangu ilibaki."

Oiva aliugeuza uso dirishani, akaitazama barafu.

Asubuhi, saa kumi na moja na nusu, Tyyne aliingia jikoni akamkuta mumewe amekaa mezani. Amevaa suti nyeusi, tai, na buti za theluji. Nywele amezilowesha akazichana.

"Usiseme kitu," alisema Oiva. "Kama nitapiga kura siku isiyo ya kura, angalau nivae suti."

Kiti cha barafu kila nyumba huku inacho. Ni kiti chepesi cha mbao juu ya vyuma viwili virefu. Mmoja anakaa, mwingine anasimama nyuma juu ya chuma kimoja na kusukuma kwa mguu. Tyyne alimfunika mumewe blanketi. Kila mmoja alijivika shingoni kamba yenye misumari miwili mifupi, ya kujivutia juu mtu akizama. Nyuma alifunga mkoba mkubwa.

"Mkoba wa nini?"

"Nguo za wiki mbili. Tunaweza kuvuka asubuhi. Kurudi hatutaweza. Raili ametutengea chumba."

"Wiki mbili kwenye nyumba ya watu!"

"Kaza blanketi."

Ukungu ulikuwa mzito. Waliliona tawi moja tu mbele yao, na walipolifikia ndipo lililofuata lilipojitokeza. Kisiwa kilitoweka nyuma. Hakukuwa na ng'ambo wala huku, ilikuwa ni weupe na mlio wa chuma juu ya barafu, na pumzi ya Tyyne. Alihisi amerudi ndotoni. Angeweza kuapa kwamba kushoto kwake, palepale ambapo macho hayakufika, viti vilikuwa vimepangwa. Mguu wake ulisukuma wenyewe. Alijisikia mwepesi, na kwa mshangao wake hakuogopa.

Oiva alikuwa na ile fimbo ya chuma mapajani. Kila baada ya hatua chache aliinama mbele akagonga.

"Nzuri," alisema. "Nzuri. Nzuri hii. Polepole."

Kisha tawi lililofuata halikutokea. Tyyne alisimamisha kiti. Tawi lilikuwa limeanguka, au limezama. Pande zote zilifanana.

"Nyamaza," alisema Oiva, ingawa hakuna aliyesema neno. Aligonga kulia. Barafu ikatoa sauti nzito, yenye maji. Akagonga mbele, hivyohivyo. Akagonga kushoto, na sauti ikawa kavu. "Kushoto. Hatua thelathini, kisha tunarudi kwenye njia."

"Una hakika?"

"Mke wangu, bunge silijui. Barafu naijua. Kushoto."

Alimsukuma kushoto. Chini yao ziwa liliguna, mguno mrefu uliokwenda mbali na kurudi. Tyyne hakuacha kusukuma. Alihesabu hatua kimoyomoyo, na kwenye ya thelathini na nne tawi jipya likasimama mbele yao, limejaa chembe za barafu.

"Umesema thelathini," alisema.

"Hatua zako fupi."

Wote wawili walicheka, kicheko cha watu walioponea chupuchupu.

Saa tatu kamili walikuwa maktabani. Kati ya rafu za vitabu vya bustani na vya historia kulikuwa na meza, na kando yake kibanda chenye pazia. Raili alivaa beji, na sura yake ilikuwa ya kazi.

"Vitambulisho, tafadhali."

"Raili, umenijua miaka hamsini!" alisema Oiva.

"Leo sikujui. Kitambulisho."

Majina yao yalikuwemo. Hakuna aliyehitaji kujiandikisha. Kila raia aliyetimiza miaka kumi na minane huandikwa na serikali yenyewe. Raili aliwapa kila mmoja karatasi iliyokunjwa, akarudia maelezo kana kwamba hajawahi kuwaona.

"Ndani kuna duara. Andika namba ya mgombea mmoja. Moja na saba ziandike wazi, zisifanane. Usiandike kingine chochote, si jina, si salamu, si picha ya ua. Ukiongeza kitu, kura inaharibika. Kunja tena, nami nitaigonga mhuri mgongoni."

"Nilitaka kumwandikia Marketta pole na kazi."

"Mpigie simu."

Walipofika kwenye kibanda Oiva alisogea na magongo yake, akashika pazia ili waingie pamoja. "Njoo, tumalize."

"Mmoja mmoja," alisema Raili.

"Ni mke wangu. Hatuna siri."

"Humo ndani mnayo. Ni sheria. Hata mimi sijui, hata mume hajui, hata mbunge mwenyewe hatajua."

Oiva aliingia peke yake, akatoka. Kisha Tyyne. Pazia lilipofungwa nyuma yake, palikuwa na kimya kizuri. Ubao mdogo, kalamu, orodha ya namba ukutani. Alilitazama lile duara tupu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kwa miaka minne aliibeba namba ambayo hakupata pa kuiandika. Leo aliandika nyingine, ya mtu mwingine, aliyemsoma na kumpima mwenyewe. Aliandika polepole. Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa mkono wa sweta.

Mhuri uligonga. Kura ziliingia kwenye bahasha, zikafungwa.

Adhuhuri jua lilitoka, na Alhamisi njia ya matawi ilikuwa imeingia majini. Jumapili Oiva alivaa suti tena, akasukumwa mpaka shuleni. Aliwaambia watu wote, "Mimi nimeshapiga, nimekuja kunywa," na alikunywa vikombe vitatu vya kahawa ya uchaguzi akiwasimulia jinsi alivyomvusha mkewe kwenye ukungu.

Saa mbili jioni vituo vilifungwa. Jua, ambalo huku huchelewa kutua majira hayo, lilikuwa bado linagusa misonobari. Walikaa sebuleni kwa Raili, televisheni imewashwa.

"Sasa tungoje," alisema Oiva.

"Hatungoji," alisema Raili. "Kura za mapema ndizo zinazotangazwa kwanza. Zimeshahesabiwa. Tazama."

Alifungua kompyuta, akatafuta Korpiniemi. Namba zilikuwa zimejaa tayari. Marketta Pulkkinen, arobaini na moja.

Oiva alijiinua kwenye kiti. "Za kwanza kabisa! Mimi niliyesema za mapema ni za mabaharia!" Akaipiga meza. "Arobaini na moja, na kati ya hizo mbili ni zetu."

Tyyne alikuwa anafuma soksi. Hakuinua macho.

"Moja," alisema.

Oiva aliitazama tena ile namba kwenye kompyuta.

"Moja nini?"

"Moja ni yetu. Yako. Yangu iko kwa mtu mwingine."

Oiva alipigwa na butwaa. Alimtazama mkewe, akamtazama Raili, akamtazama mkewe tena. "Miaka arobaini na minne," alisema mwishowe. "Miaka yote hiyo..."

"Si yote. Mingine tulipatana."

"Mipi?"

Tyyne aligeuza soksi. "Ni kapu lilelile, mzee. Zaidi ya hapo usiulize."

Raili alijifanya anatafuta miwani iliyokuwa usoni mwake.

Kufikia saa nne usiku matokeo yalikuwa yamekamilika. Marketta hakuingia. Alipata kura mia tisa na sita, na lile kapu likatoa wabunge wawili kati ya kumi na tano. Wa pili aliingia kwa tofauti ya kura sitini na tatu. Oiva aliandika hesabu hiyo kwenye ukingo wa gazeti, akaondoa mia tisa na sita, akaona mtu wa pili anavyoanguka. Alikaa na gazeti hilo mpaka Raili alipozima taa ya jikoni.

Wiki iliyofuata, wakiwa bado kwa Raili, aliomba karatasi na bahasha. Alitaka kuandika kuhusu muuguzi wa Alhamisi.

"Unamwandikia nani?" aliuliza Tyyne.

"Wabunge wote wawili wa kapu letu. Huenda mmoja wao ni wako, na sitakuuliza ni yupi. Raili anasema mbunge ni wa jimbo zima, hata wa aliyempa kura mwingine. Basi wafanye kazi."

Mmoja alijibu kwa kadi yenye shukrani. Wa pili, aliyeingia kwa tofauti ya zile kura sitini na tatu, alijibu kwa kurasa mbili. Alikuwa amepangwa kamati ya afya, na aliuliza maswali: safari ngapi, wagonjwa wangapi, nini hutokea barafu inapokatika. Oiva na Tyyne walijibu pamoja, wakigombana kuhusu kila sentensi. Mwezi wa kumi kamati iliwasikiliza wataalamu kuhusu huduma za visiwani, na barua ya Lehtosaari ilitajwa. Fedha hazikuongezwa, lakini hazikukatwa. Muuguzi akaendelea kuja kila Alhamisi.

Nyonga ya Oiva haikupona vizuri. Uchaguzi wa halmashauri ulipokaribia, barua ilikuja tena, na safari hii aliisoma mwenyewe kwa sauti, mara mbili. Siku ileile alimpigia Raili simu.

"Tuandike wa kupigia nyumbani," alisema. "Wote wawili."

"Vizuri. Nitakuja na msaidizi. Mtapigia jikoni?"

"Jikoni." Oiva alimtazama Tyyne, aliyekuwa anakanda unga karibu na jiko. "Lakini mimi nianze. Halafu mnisaidie kutoka nje, nikae barazani mpaka Tyyne amalize kupiga."

"Kutakuwa na baridi kali, Oiva. Inatosha ukigeuza kiti."

"Hapana," alisema Oiva. "Nitatoka."